Je, Simu Inaweza Kuwa Grandimasta?

Wajukuu, kaeni vizuri, na mwenye simu asiifiche, maana habari ya leo inaihusu.

Kabla ya reli kufika hapa Tabora mwaka 1912, watu walikuja kwa miguu. Msafara ulitoka Bagamoyo, ukavuka nyika ya Ugogo, ukaingia Unyanyembe, yaani huku kwetu, na wenye safari ndefu wakaendelea hadi Ujiji, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, watu wa huku kwetu. Mbele ya wote alitembea mtu mmoja aliyeitwa kirangozi. Richard Burton, Mwingereza aliyefika Kazeh, mahali ilipo Tabora ya leo, Novemba 1857, ameeleza habari zake kirefu: vazi jekundu, kichwani ngozi ya mbega au manyoya ya ndege, mkononi bendera nyekundu ya Zanzibar, na ngoma ikimfuata nyuma. Mzigo wake ulikuwa mwepesi kuliko ya wenzake. Na ilikuwepo sheria moja ambayo haikuwa na mzaha: mpagazi hampiti kirangozi. Aliyempita alitozwa faini, na ili jioni kambini asije akaruka na kusema si yeye, mshale mmoja ulichomolewa kwenye podo lake uwe ushahidi.

Huo mshale ndio nilioutaka. Vijana wenye miguu ya kumpita kirangozi walikuwepo tele, wala hakuna aliyekuwa akibishana kuhusu mbio. Kirangozi alikuwa mtu anayejulikana kwa jina lake, aliyekabidhiwa njia, na ambaye msafara ukipotea yeye ndiye wa kuulizwa. Mwenye kasi zaidi alibaki kuwa mwenye kasi tu. Sheria ya mshale haikuuliza nani ana kasi. Iliuliza: wewe uliyekuwa mbele, ni nani?

Sasa tuje kwenye swali lenu. Programu ya sataranji iliyomo kwenye simu ya kawaida leo inamfunga binadamu yeyote, hata bingwa wa dunia. Kama ni hivyo, mbona yenyewe haijapewa cheo cha grandimasta? Inaonewa?

Kwanza mkijue cheo chenyewe. Sataranji ya dunia inasimamiwa na Shirikisho la Kimataifa, FIDE, lililoanzishwa Paris mwaka 1924. Mwaka 1950 shirikisho hilo liliwapa wachezaji 27 cheo cha grandimasta kwa mara ya kwanza. Ukishakipata, usipodanganya, ni chako maisha yote, hata uzeeke usahau namna farasi anavyoruka. Lakini kukipata ni shughuli. Lazima alama zako zifike 2500. Alama hizi zinatokana na hesabu ya Arpad Elo, profesa wa fizikia wa Marekani aliyezaliwa Hungaria: ukimfunga aliyekuzidi unapanda sana, ukimfunga mdogo wako unapanda kidogo, ukifungwa na mdogo wako unaporomoka. Juu ya alama hizo unatakiwa kuonyesha, katika mashindano kadhaa yenye jumla ya michezo isiyopungua 27, kwamba ulicheza kwa kiwango cha alama 2600. Wachezaji wanaita kila onyesho la namna hiyo nomu. Na huwezi kuzikusanya kwa kucheza na marafiki zako wa mtaani: miongoni mwa wapinzani wako wawemo magrandimasta, wawemo na wageni kutoka nchi nyingine.

Kwa upande wa nguvu, basi, mashine ilifika lini? Hapo pana kisa, na kinaanza na uongo mtamu sana.

Mwaka 1770, mjini Vienna, fundi mmoja aitwaye Wolfgang von Kempelen alimletea Malkia Maria Theresa kasha kubwa la mbao. Nyuma ya kasha alikaa mwanasesere wa mtu mzima, amevaa kilemba na joho, na mbele yake ubao wa sataranji. Watu walimwita Mturuki. Kabla ya kucheza, Kempelen alifungua mlango mmoja wa kasha, akashika mshumaa nyuma yake, watu wakaona magurudumu yenye meno kama ya saa. Akaufunga, akafungua mwingine. Wakaona hakuna mtu. Kisha akazungusha ufunguo, magurudumu yakalia, na mkono wa Mturuki ukainuka, ukashika kipande, ukakisogeza. Alizungushwa Ulaya nzima. Alicheza na Benjamin Franklin mjini Paris, na mwaka 1809 akacheza na Napoleon mwenyewe.

Ndani ya kasha alikuwemo mtu. Alikaa kwenye kiti kinachoteleza, mlango huu ukifunguliwa yeye anahamia upande ule. Vipande vilikuwa na sumaku, kwa hiyo aliweza kujua kutoka chini ni kipi kimeondoka wapi. Kamanda aliyeitikisa Ulaya alidhani anapambana na magurudumu, kumbe amefungwa na mchezaji hodari aliyejikunja gizani. Mturuki aliteketea kwa moto Philadelphia mwaka 1854, na siku hiyo ilikuwa imepita zaidi ya miaka 80 tangu aanze kuwahadaa watu.

Karibu miaka mia moja baadaye kisa kikageuka chini juu. Mwingereza Alan Turing aliandika maelekezo ya kuifundisha kompyuta kucheza sataranji, lakini hakukuwa na kompyuta ya kuyabeba. Akafanya nini? Mwaka 1952 alikaa mwenyewe na karatasi na kalamu, akawa yeye ndiye mashine. Kila zamu yake alipiga hesabu kama maelekezo yanavyotaka, na hatua moja ilimchukua kama nusu saa. Alikatazwa na karatasi yake mwenyewe kutumia akili. Akafungwa na rafiki yake.

Mnaona? Mara ya kwanza mtu alijificha ndani ya mashine, mara ya pili mashine ikajificha ndani ya mtu. Yote mawili yanatulazimisha kuuliza nani anacheza.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1974 kompyuta zilifanya mashindano yake ya kwanza ya dunia mjini Stockholm, na programu ya Urusi iliyoitwa Kaissa ikatwaa ubingwa. Mwaka 1988, kule Long Beach, California, kompyuta iitwayo Deep Thought iliingia kwenye mashindano ya binadamu, ikamfunga Bent Larsen wa Denmark, na ikamaliza ikiwa sawa kileleni na Mwingereza Tony Miles. Ilikuwa mara ya kwanza grandimasta kufungwa na kompyuta mashindanoni. Zawadi ya kwanza alipewa Miles peke yake. Kompyuta haikuruhusiwa kupokea fedha, na kwa kweli ingezipeleka wapi? Mwaka uliofuata waundaji wake walipata dola 10,000 za tuzo ya Fredkin, iliyokuwa imewekwa kwa ajili ya mashine ya kwanza kucheza kwa kiwango cha grandimasta. Shikeni neno hilo: kwa kiwango cha. Fedha ilikwenda kwa waundaji, na cheo hakikutolewa kwa yeyote.

Halafu Deep Blue. Hili kabati la kampuni ya IBM lilikuwa na uwezo wa kupima hali milioni 200 za ubao kwa sekunde moja. Mwaka 1996 Garry Kasparov, bingwa wa dunia, alilifunga 4 kwa 2. Mei 1997 wakarudiana New York. Mchezo wa kwanza Kasparov akashinda. Katika wa pili mashine ilikataa kula askari wa bure ambao kompyuta yoyote ya siku hizo ingewarukia, badala yake ikambana taratibu, kwa subira, kama mtu mzima. Kasparov akachanganyikiwa, akakubali kushindwa katika hali ambayo wachambuzi baadaye waligundua angeweza kupata sare. Kisha akadai apewe karatasi zinazoonyesha mashine ilifikiri nini. Alishuku kwamba kuna grandimasta amefichwa nyuma ya pazia. Wazo la Mturuki, miaka 227 baadaye! Hakukuwa na mtu. Deep Blue ikashinda pambano zima, tatu na nusu kwa mbili na nusu, na mchezo wa mwisho ulikwisha kwa hatua 19 tu.

Tangu hapo ni mteremko. Mwaka 2005 kompyuta Hydra, iliyokuwa Abu Dhabi, huko Ghuba wanakofanya kazi jamaa zetu wengi, ilicheza michezo sita na Michael Adams wa Uingereza, mmoja wa wachezaji kumi bora duniani. Adams aliambulia sare moja. Na mwaka 2009, mjini Buenos Aires, programu Pocket Fritz 4 iliyokuwa ndani ya simu ya mkononi iliingia mashindanoni: michezo kumi, ikashinda tisa na kutoka sare mmoja. Kiwango ilichoonyesha kilipigiwa hesabu kikafika alama 2898. Nomu inataka 2600. Na simu ile ilikuwa inapima hali chini ya 20,000 kwa sekunde, kidogo kabisa ukilinganisha na Deep Blue. Kwa hiyo msije mkasema mashine hushinda kwa wingi wa hesabu tu. Zilijifunza pia kuchagua nini cha kuhesabu.

Kwa alama peke yake, basi, jibu limepatikana zamani. Kinachoikwamisha mashine ni sehemu nyingine ya kanuni, ile ambayo watu huisoma haraka haraka. Cheo kinaombwa na shirikisho la nchi kwa niaba ya mchezaji wake. Mchezaji huyo amesajiliwa, ana nchi, ana tarehe ya kuzaliwa, anaketi mbele ya saa, akigusa kipande lazima akicheze, akivunja kanuni anaadhibiwa. Ukimfungia Deep Blue miaka mitatu, umemwadhibu nani? Mwaka 1997 hata vipande havikusogezwa na mashine. Aliyekaa mbele ya Kasparov alikuwa mmoja wa waundaji wake, anasoma kwenye kioo na kusogeza.

Kuna mmoja wenu huko nyuma naona anataka kubisha. Bisha. Utasema kanuni ni za watu na watu huzibadilisha. Ni kweli. Miaka 28 ilipita tangu 1950 kabla mwanamke hajapewa cheo cha grandimasta. Nona Gaprindashvili wa Georgia akakipata mwaka 1978, na leo hakuna anayethubutu kusema hakustahili. Je, mashine nayo haipo nje ya mlango uleule? Mimi nasema haipo. Gaprindashvili aliketi kwenye kiti kilekile, akachoka uchovu uleule, akasahau na kukumbuka kwa kichwa chake, akafungwa hadharani na kurudi kesho yake. Mlango ulifunguliwa kwa sababu alikuwa ameshafanya kile ambacho cheo kinapima. Mashine haifanyi kitu hicho kabisa. Inafanya kingine, tena vizuri zaidi. Ipewe mashindano yake, nayo inayo tangu 1974, na huko zinatwangana zenyewe kwa zenyewe kwa viwango ambavyo hatuwezi hata kuvifuatilia.

Mkitaka kuona cheo kisichohitaji hata karatasi, tokeni nje mwangalie bao. Mwalimu Nyerere, aliyesoma Tabora Boys na baadaye kufundisha St. Mary's hapahapa mjini, alikuwa mpenzi mkubwa wa bao. Ubao una mashimo 32, kete 64. Katika bao la Kiswahili kila mmoja anaanza na kete kumi mashimoni, sita kati yake zikiwa kwenye shimo liitwalo nyumba, na 22 mkononi. Mnaanza kunamua, kete moja moja inaingia. Mtu anakula, anachukua kete za mwenzake, anaziingiza kwenye kichwa, yaani shimo la pembeni kabisa, anasambaza. Ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, anazoa na kuendelea, tena na tena, mkono unazunguka mpaka mtazamaji anapotea. Bingwa hapotei. Kabla hajainua kete ya kwanza alishajua ya mwisho italala wapi. Na hachukui muda, maana ukikaa sana kufikiri watazamaji wanakucheka.

Mtafiti Mholanzi Alex de Voogt aliwafuata mabingwa wa aina hiyo Zanzibar, na mwaka 1995 akaandika tasnifu juu yao katika Chuo Kikuu cha Leiden. Mholanzi mwenzake, Jeroen Donkers wa Maastricht, akaandika programu ya kompyuta ya kucheza bao. Katika kazi hiyo wataalamu wakathibitisha jambo la ajabu: kuna hali za bao ambazo mtu akianza kusambaza hatamaliza milele, kete zitazunguka bila kulala. Kompyuta ilisaidia kulijua hilo, na tuishukuru. Lakini bingwa wa bao hutajwa na wachezaji wenzake, wale aliowafunga jana na watakaomngojea leo jioni. Sijasikia baraza lolote la bao, pwani wala bara, lililoita programu ile bingwa. Wangemtania nani? Wangemdai nani marudiano?

Nimewaahidi habari ya simu. Aprili 2015, katika mashindano ya Dubai, mchezaji Gaioz Nigalidze, naye wa Georgia, alikuwa akicheza na Tigran Petrosian wa Armenia. Petrosian akaona mwenzake anakwenda chooni mara kwa mara katika hatua ngumu, tena kwenye choo kilekile. Akawaambia waamuzi. Wakapekua, wakakuta simu imefichwa nyuma ya sinki la choo, imefungwa kwa karatasi za chooni, na ndani yake programu inachambua mchezo uleule uliokuwa ukumbini. Nigalidze alikuwa grandimasta, bingwa wa nchi yake mara mbili. Alifungiwa miaka mitatu na kuvuliwa cheo. Mwaka 2019 yakampata Igors Rausis, mzee wa miaka 58, aliyekutwa na simu chooni mjini Strasbourg. Naye akavuliwa.

Hebu litazameni hilo. Katika chumba kile cha Dubai mlikuwa na simu yenye uwezo wa kuwafunga magrandimasta wote waliokuwa ukumbini, na mtu aliyekuwa grandimasta halali. Hatua zilizotoka chooni zilikuwa bora kuliko ambazo angezipata kwa kichwa chake. Kama cheo kingekuwa cha hatua nzuri, angepongezwa. Alivuliwa kwa sababu swali lilikuwa nani amezipata, na jibu halikuwa yeye. Ni mshale wa kwenye podo, wajukuu.

Na hapo pia ndipo naona hatari ya kweli ya kuipa simu cheo. Siku ikiitwa grandimasta, mwenye simu nzuri atajiita grandimasta, na mtoto wa Urambo au Sikonge asiye na kitu ila kichwa chake ataambiwa arudi nyuma ya foleni. Leo anayo nafasi. Phiona Mutesi alitoka Katwe, mtaa wa mabanda wa Kampala, akaanza sataranji kwa kufuata uji, na mwaka 2012 akapata cheo cha kimataifa, ngazi ya mwanzo ya vyeo vya wanawake. Amon Simutowe wa Zambia, jirani zetu hapo tu, akawa grandimasta mwaka 2009, wa kwanza kutoka Afrika iliyo kusini mwa Sahara. Hakuna aliyemuuliza ana simu gani.

Basi hukumu yangu ni hii. Kompyuta ina nguvu ya grandimasta tangu kabla wazazi wa baadhi yenu hawajaoana. Cheo haina, na haistahili kupewa. Itumieni kwa kujifunza: cheza nayo, ikuonyeshe ulipoteleza, ulizia kwa nini hatua ile ilikuwa bora, kisha uizime na ucheze na mtu.

Na siku utakayokwenda kwenye mashindano ya kweli, simu iache nyumbani au mkabidhi mwamuzi ikiwa imezimwa. Ukikutwa nayo mwilini mchezo ukiendelea, kanuni ni fupi: umefungwa.